Karatasi ya Rangi ya Asali

Siku ya kwanza nilimdhania Mulenda ni mwendawazimu. Baadaye nilimwambia hivyo, naye hakukataa.

Nilikuwa nauza Nyarugusu, katika soko la kambi ya wakimbizi ambalo sisi Waha wa Kasulu tulilivamia mara tu Wakongo walipoletwa. Meza yangu ilikuwa na sabuni, kiberiti, chumvi na dagaa, na pembeni karatasi za nailoni za rangi, zile za kufungia zawadi za harusi. Shemeji yangu alinicheka, eti nawapelekea mapambo watu wasio na sufuria. Nikamjibu kwamba watu huoana popote, hata chini ya shitingi, yale maturubai ya msaada, na kweli nilikuwa naziuza. Sasa akaja huyu mwanamume mrefu, shati limekwisha kola lakini limenyooka kwa pasi, akachukua karatasi nyekundu na kuielekeza juani. Akakinga mkono wake chini ili mwanga upite kwenye karatasi na kuangukia ngozi, kisha akautazama mkono kama si wake. Akafanya hivyo kwa ya njano. Kwa ya kijani akakunja uso kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika.

"Baba, unanunua au unapiga ramli?" nikamwuliza.

"Niko natafuta rangi ya moto na rangi ya baridi, mama," akasema. "Hii ya kijani itafanya batu bakuwe kama maiti."

"Zote nimezibeba kwenye kikapu kimoja kutoka Kasulu. Ingekuwepo ya moto ningekwisha kuungua."

Hakucheka. Mulenda hakujua kutaniwa, na mimi sijui kuongea na mtu bila kumtania, kwa hiyo urafiki wetu ulianza vibaya na ukaendelea hivyo hivyo.

Kazi yake kwao Uvira ilikuwa kuwasha taa za jukwaa. Nilimwuliza kama hiyo ni kazi ya kumlisha mtu, akasema ilimlisha yeye na mkewe na mtoto. Parokia yao ilikuwa na ukumbi, na padri mmoja Mbelgiji aliyependa maigizo kuliko maungamo ndiye aliyemfundisha. Taa tupu, nyeupe, inamnyang'anya mtu uso, anabaki kama ukuta. Kwa hiyo mbele ya taa unaweka karatasi ya rangi, wao wanaiita filta. Rangi ya moto, yaani njano, chungwa au asali, inaipa uhai ngozi nyeusi: mashavu yanatokea, macho yanatokea, unajua huyu ni nani. Rangi ya baridi, bluu, ndiyo usiku, ndiyo ziwa, ndiyo msiba. Lakini bluu peke yake juu ya sura zetu ni majivu. Watu wote wanafanana. Fundi anayejua anaweka baridi upande huu na moto kidogo upande ule, anaongeza na kupunguza, mpaka uso urudi.

Alinieleza hayo yote akiwa amesimama mbele ya dagaa wangu, kwa sauti ya katekista. Nilimwambia sisi kwetu tuna taa ya kandili na tunajuana vizuri tu.

Kambini shirika moja lilikuwa limeanzisha kikundi cha maigizo ya kuwafundisha watu kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Kiongozi wake alikuwa Cadet, mwalimu kutoka Bukavu, kijana mwenye sauti ya kuweza kuongoza ng'ombe wa mlima wa pili. Mulenda hakuitwa na mtu. Alikwenda tu na makopo ya mafuta ya mgao aliyoyakata kwa kisu, akayafunga balbu ndani, akatengeneza fremu za waya wa kushikilia karatasi zangu shubiri moja mbele ya balbu zisiungue. Jenereta ya shirika ilipowashwa jioni, Cadet alimwona mwigizaji wake Apoline, mama wa watu aliyekonda kwa malaria, amesimama jukwaani na mashavu kama bibi harusi. Tangu siku hiyo Mulenda akawa mtu wa kikundi.

Karatasi zangu zilikuwa za kubahatisha, alisema. Zilififia, zilijikunja kwa joto. Alikuwa na moja tu ya kweli, ya rangi ya asali, ya kutoka Ulaya, iliyokuja naye kutoka Uvira. Aliitunza kati ya vipande viwili vya boksi na hakuitumia katika maigizo ya vyoo.

Nilichelewa kujua habari ya karatasi hiyo, na nilipoijua nilimkasirikia.

Oktoba ya tisini na sita vita vilipofika Uvira, mkewe alikwisha kufa. Alikuwa Mrundi, akamwachia binti mmoja, Prudence, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Baba na binti walikimbilia ziwani pamoja na majirani Warundi, ndugu za marehemu. Mtumbwi ulikuwa bado haujajaa. Mulenda akamwambia binti, ngoja hapa na hawa, narudi sasa hivi. Akakimbia ukumbini kuokoa filta zake, kwa sababu alifikiri watarudi nyumbani wiki ijayo na kukuta kila kitu kimeibwa. Ukumbi ulikuwa umevunjwa tayari. Akaokota hiyo moja. Aliporudi ufukweni mtumbwi haukuwepo.

"Ulimwacha mtoto kwa ajili ya karatasi," nikamwambia.

"Ndiyo, mama."

"Karatasi."

"Nasikia, mama. Kila siku nasikia."

Mtu akijipiga mwenyewe, wewe unampiga wapi tena? Nilimwonea huruma, na huruma inaniudhi, inanifanya nipime chumvi vibaya.

Alikuwa amekwenda kwa wale wanaotafuta waliopotezana. Jina la Prudence binti Mulenda halikuwepo kambi yoyote, walimwambia. Lakini mwezi wa nne wa tisini na nane nilikuwa Kabanga hospitali namwuguza dada yangu, na kwenye kitanda cha jirani alilala mama Mrundi aliyeletwa kutoka kambi moja ya Kibondo, upande wa Kasanda. Tukapiga soga. Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake. Akanisimulia kanisani kwao kuna msichana mwimbaji, Kirundi chake kina vijineno vya Kiswahili cha Kongo, na mkononi ana kovu la kuungua, nusu duara, kama mdomo wa kikombe. Watoto wa kwaya walimtania kwamba ni ng'ombe wa mzungu, amepigwa chapa.

Nilipomwambia Mulenda alikaa chini kwenye vumbi na shati lake la pasi. Prudence alipokuwa mdogo aliegemea taa ya jukwaa ikiwa moto. Kovu lilikuwa hapo, mkono wa kushoto.

Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na Kibondo siyo shambani kwa jirani. Aliomba kibali akanyimwa. Alituma salamu kwa madereva, lakini kambi ile ilikuwa na watu wengi kama siafu, na dereva gani anapiga hodi nyumba hadi nyumba. Mimi ningekwenda, lakini siku hizo sikuweza kumwacha dada yangu mgonjwa. Ikabaki njia moja. Shirika lilikuwa linafikiria kupeleka kikundi cha Cadet kikaigize kwenye kambi za Kibondo, ambako kipindupindu kilikuwa kimeanza. Mulenda akafanya kazi kama punda. Kila onyesho aliwasha vizuri kuliko la jana, ili Bwana Sylvesta, ofisa wa shirika, Mtanzania mwenye kupenda vitu vipendeze wageni wakija, aone kwamba mchezo bila taa si mchezo. Mwezi wa nane kibali kikatoka kwa kikundi kizima, usiku mmoja tu, kwenda na kulala na kurudi.

Mimi niliomba lifti. Nilisema nakwenda kuangalia bei ya maharage Kasanda. Cadet alinitazama akacheka, maana maharage yalikuwa tele Kasulu.

Njia ilikuwa vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Askari wa kutulinda na majambazi walikaa mbele, sisi nyuma juu ya makopo na jenereta. Mulenda alilishika lile boksi lake kifuani. Baada ya Kifura lori likapasuka tairi, kisha la akiba nalo likakosa upepo, na tuliokusudia kufika mchana tukafika jua likizama. Uwanja ulikuwa umekwisha kujaa. Watu walikaa chini mbele ya kamba, akina mama na watoto mbele, na giza lilikuwa linawala kutoka nyuma. Alikuwa amepanga kuzunguka mchana akitazama sura. Sasa mchana ulikwisha, na askari walituambia hakuna kuondoka jukwaani, na asubuhi na mapema lori linarudi.

Kabla ya mchezo Cadet alishika spika akatangaza kwa Kiswahili, na Mrundi mmoja akatafsiri, kwamba binti anayeitwa Prudence, wa Mulenda wa Uvira, baba yake yupo hapa, ajitokeze. Akarudia. Hakuna aliyesimama. Mimi ningewaambia, lakini nani aliniuliza? Kambini jina likitajwa kwenye spika halijawahi kuleta heri. Ni la kuhamishwa, au la kuhojiwa, au la kufutwa kwenye mgao. Watu waliinamisha vichwa kama darasa lisilojua jibu.

Mulenda akainama kwenye taa kubwa, ile ya kopo la mwisho mstarini, na akanionyesha karatasi mbili: bluu, niliyomtafutia kwa taabu mpaka Kigoma mjini, na ile ya asali.

"Nitageuza hii taa," akasema. "Katikati ya mchezo. Nitageuzia batu, niangalie sura."

"Na Cadet je?"

"Cadet atakasirika." Akaziweka zote mbili juu ya mkono wake, kama siku ile mezani kwangu. "Nikiweka bulu haitabaumiza macho, batakaa kimya. Lakini ndani ya bulu sura zote zinakuwa moja. Sitamujua. Hii ya moto itanionyesha. Na yeye, akiiona hii, atanijua. Ukumbini kwetu, Noeli, alikuwa malaika, nilikuwa namumulika na hii. Hii ni rangi yake."

Mimi najua nini kuhusu taa. Aliyazungumza kwa akili timamu, na mpaka leo nikiyapima maneno yale sioni kosa la fundi ndani yake. Alichagua kama alivyofundishwa.

Mchezo ukaanza. Apoline alikuwa mama asiyechemsha maji, na watu walicheka, walicheka hasa, alipomfokea mumewe kwamba babu yake alikunywa mtoni akafikisha miaka mia. Nilianza kufurahi. Alipofika mahali mama anaugua na mume anambeba mgongoni, Mulenda akavuta waya, akashika kopo kwa kitambaa na kuligeuza.

Ulikuwa mwanga mzuri. Lazima niseme hivyo. Uliwaangukia akina mama na watoto wa mbele, mistari na mistari, na kila uso ukatokea gizani, mashavu, macho, mtoto aliyekuwa ananyonya, bibi aliyekuwa bado anacheka. Jenereta ile ilikuwa na kifua, ilikohoa, na kila ilipokohoa mwanga ulicheza, ukashuka na kupanda. Mulenda alisimama nyuma ya taa, mdomo wazi, akipitisha mwanga polepole kutoka kushoto kwenda kulia, uso mmoja baada ya mwingine.

Mwanamke mmoja akasema, "Umuriro."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayekwambia mvua imefika. Umuriro ni moto, kwa Kirundi na kwa Kiha chetu pia, na nilipolisikia ndipo nilipoona kile walichokiona wao. Watu hawa, mauaji ya mwaka wa tisini na tatu yalipozuka Burundi, waliamka kwao nyumba za nyasi zikiwaka, na mwanga wa mwisho waliotazamiana nao majirani ulikuwa huu huu, wa asali, unaocheza juu ya mashavu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Neno lilipita nyuma, mdomo kwa mdomo, na uwanja ukainuka wote kwa mara moja.

Walikimbia bila kulia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, jinsi walivyojua kukimbia. Mama anashika huyu, mkubwa anashika mdogo, hakuna anayeita jina. Kamba ikakatika. Mtoto mmoja alikanyagwa akavunjika mkono. Cadet alipiga kelele kwenye spika kwamba ni taa tu, ni taa tu, kwa Kiswahili, na yule mtafsiri alikuwa amekimbia na wengine. Kufumba na kufumbua tulibaki sisi na askari na kandambili zisizo na wenyewe. Mulenda alikuwa bado ameshika kopo, na taa inamulika majani yaliyokanyagwa.

Bwana Sylvesta aliandika aliyoyaandika. Safari za Kibondo zikafutwa, na Mulenda akafutwa katika kikundi, na kibali akaambiwa asahau. Cadet, ambaye si mtu mbaya, alijaribu kumrudisha baadaye, lakini Mulenda mwenyewe hakutaka. Alianza kubeba kuni za watu. Shati liliacha kupigwa pasi. Alipita mezani kwangu akanisalimia, hakugusa karatasi, na mimi nilizificha chini ya sabuni ili asizione, jambo la kipumbavu, kwa kuwa alijua zilipo.

Mvua za kwanza zilipokwisha nilikwenda Kasanda kweli, safari hii bila kisingizio cha maharage. Mimi ni raia, kibali changu ni miguu yangu. Niliuliza kanisani kwa mwimbaji mwenye kovu, wakanielekeza kwa bibi mmoja aliyekuwa jirani yake, Ntirampeba, anauza viazi vitamu mbele ya nyumba ya udongo. Nikanunua viazi nisivyovihitaji, nikakaa.

Msichana alikuwa anaitwa Ininahazwe hapo kambini. Wale ndugu za mama yake walimwandikisha hivyo kama mtoto wao, kwa sababu akijulikana ni Mkongo angeondolewa kwenye karatasi yao ya chakula na kupelekwa Nyarugusu peke yake, na wao walimpenda. Jioni ile ya mchezo walikaa pamoja, yeye Ntirampeba na familia ile, mbele kabisa, karibu na kamba, upande wa kushoto wa taa ile.

"Alisikia jina lake?" nikamwuliza.

"Alisikia," bibi akasema. "Alitaka kusimama. Mama wa nyumba akamshika mkono, akamwambia, mwanangu, siyo mbele ya askari. Ngoja mchezo wao uishe, tutakwenda kwa huyo baba kimyakimya, mimi nitakupeleka mwenyewe. Basi akakaa. Nami nilikuwa nimemwekea mkono mgongoni."

"Halafu?"

"Halafu moto ukaja."

Nikamwambia haukuwa moto. Akanitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni. Alisema mwanamume wa nyumba ile hakulala. Kwanza jina kwenye spika, kisha moto usoni: alisema wamekwisha kujulikana, hata hapa wamefuatwa. Kabla hakujapambazuka walifunga vyombo wakashika njia ya mpakani, kurudi Burundi, kufa kwao kama ni kufa. Msichana alikuwa anasema baba, baba, wakamvuta. Hakuna aliyesikia habari zao tena, na vijiji vya upande ule wa mpaka, alisema Ntirampeba, mwaka huo havikuwa na watu wa kuulizwa.

Nilirudi Kasulu na vile viazi. Nilitafuta namna ya kumwambia Mulenda nusu yake. Nilifikiri nimwambie alikwishahama kabla hatujafika. Lakini mimi kitu cha mtu siwezi kukaa nacho, kinaniwasha, na mtoto alikuwa wake. Siku ya soko nikamwita nyuma ya meza, nikamketisha kwenye kreti ya soda, nikamwambia yote kama nilivyoambiwa, la mkono mgongoni na la ngoja mchezo uishe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza mara mbili wapi alikaa.

"Mbele," nikasema. "Karibu na kamba."

"Upande gani?"

"Kushoto kwako. Ulipoanzia."

"Basi mwangaza ulimufika."

"Ulimfika."

Aliitazama mikono yake, iliyochubuka kwa kuni.

"Ile mistari ya mbele niliangalia sura zote, mama," akasema. "Moja moja, polepole. Kwa hiyo nilimuona. Nilimuona na sikumujua."